Siku Niliyoliliwa Nikisikiliza Breki

Ninyi mnaoshika spana hapa Misiera, kambini Nakivale, siku hizi, mmenisumbua sana niwaeleze mambo ya breki, kana kwamba nimeficha siri chini ya godoro. Haya, naeleza. Magoti yangu yaligoma miaka miwili iliyopita, mgongo ukaunga mkono mgomo huo, na tangu hapo sijalala tena chini ya gari. Nalala kitandani kama wakubwa wengine. Muda wa kusema ninao, na nina jambo moja la kuwaomba, ila nitaliomba mwishoni, maana nikilitanguliza mtatawanyika.

Kwanza niwavunje moyo kidogo. Mnasimuliana kwamba Baba Neema alikuwa akisikia breki iliyoisha tangu gari likiwa bado mbali kule Base Camp. Mnaipenda hadithi hiyo, nami sikuwahi kuikanusha kwa sababu ilinifaa. Ukweli ni kwamba nilipanda pikapu ambayo breki zake zilikuwa zinakufa, kila Jumapili, kwa muda wa miezi mitano, nikiwa nimesimama juu yake mdomo wazi, na sikusikia chochote. Nilikuwa naimba besi.

Pikapu yenyewe mnaijua, ni ile ya kanisa. Hata wakati huo ilikuwa imezeeka. Rangi yake ya kwanza hakuna aliyeikumbuka, na mlango wa kulia ulifungwa kwa kamba. Dereva wake alikuwa Shemasi Yakobo, ambaye pia ndiye aliyeiongoza kwaya, na hapo mnaona tatizo lilipoanzia. Mkono mmoja ulishika usukani, mwingine ulitoka dirishani kutuhesabia mapigo, na sisi kumi na wanne tulikuwa nyuma tumebanana. Kwaya yetu ikipanda gari huimba. Huanza gari linapotoka uwanja wa kanisa na haifungi mdomo mpaka ifike inakokwenda. Desturi hiyo tulitoka nayo Kivu. Watu wa njiani wakisikia nyimbo wanajua kuna harusi, au ubatizo, au mkutano. Kwaya ikipita kimya juu ya gari, wanajua inasindikiza maiti.

Hilo lishikeni vizuri, tutalihitaji.

Sasa twende Mbarara kidogo. Nilipofika Uganda nilikuwa na jeuri ya mtu aliyejifunza kazi Uvira, kwetu Kongo, kwa miaka saba na kurudia kujisifu kwa miaka kumi. Nikapata kazi kwenye gereji moja ya Kakiika, kwa Afande Kamugisha. Alikuwa Mnyankole mfupi, mstaafu wa jeshi, aliyetengeneza malori ya askari maisha yake yote, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu. Siku ya kwanza akaleta gari lililokuwa linavuta upande kila linaposimama, akaniuliza lina nini. Mimi nikaanza hotuba. Nikaeleza juu ya plaketi, kama tulivyoziita kwetu, yeye akiziita pedi. Nikaeleza mabomba, mafuta, na jinsi bosi wangu wa Uvira alivyonitegemea. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Wewe namaliza?" akauliza. "Kale, sawa. Sasa funga mdomo. Gari naongea."

Akaniweka kwenye kiti cha abiria, akafungua madirisha yote, akaendesha asubuhi nzima kwenye njia za Kakiika akikanyaga breki na kuachia, kukanyaga na kuachia. Kila nilipofungua mdomo alipiga honi. Wafugaji wa kule walidhani tunawafukuzia ng'ombe wao, mmoja akatukimbiza na fimbo. Lakini kufikia saa sita nilikuwa nimeanza kusikia vitu ambavyo Uvira nilivipita tu.

Haya ndiyo niliyoyasikia, na bado ni kweli hata kwa magari yenu ya kisasa yenye taa za kuwaonya. Breki inayolia kwa sauti nyembamba, kama mtoto anayedai kitu, bado inakupa muda, maana pedi zimekonda tu. Ikianza kukwaruza kwa sauti nene, chuma kinasugua chuma, na hapo huna muda tena. Pedali ikizama polepole chini ya mguu wako, tafuta mahali mafuta yanapovuja. Ikibonyea laini laini, kuna upepo ndani ya mabomba. Gari likivuta kulia, usiukimbilie usukani, huenda breki ya kushoto haishiki. Pua nayo ifanye kazi, kwa sababu breki iliyoungua inanuka kama ndala iliyoangukia kwenye makaa. Spana huja mwisho kabisa. Fundi anayeanza na spana anatafuta jasho tu.

Afande alinifundisha pia kwa aibu. Kule Uvira, mafuta ya breki yalipoadimika, tulikuwa tunaweka maji ya sabuni ili gari lifike nyumbani. Nikaona nimwonyeshe ujuzi huo. Nikaweka maji ya sabuni kwenye gari la mteja, kwa muda tu, mpaka mafuta yaletwe. Afande akafungua kifuniko, akaona mapovu. Hakupaza sauti. Alinifungulisha mfumo mzima, kila mpira, kila bomba, nikaosha na kukausha na kurudisha, na kwa wiki nzima kila asubuhi badala ya kunisalimu alikuwa ananiuliza nguo za kufua ziko wapi. Maji yanakula chuma kwa kutu na yanachemka mapema, nayo mafuta ya breki yametengenezwa yasifanye hivyo. Hilo sikulisahau tena.

Basi huyo ndiye aliyenipa masikio. Baadaye nikahamia hapa Nakivale, nikafungua gereji yangu, nikaingia kwaya, na masikio yale nikawa nayaacha gerejini kila Jumapili pamoja na ovaroli.

Aliyesikia alikuwa mke wangu. Mama Neema anaimba sauti ya kwanza, na nafasi yake juu ya pikapu haibadiliki. Hukaa nyuma kabisa, kushoto, juu ya ule mgongo wa bati unaofunika gurudumu. Jumapili moja tumerudi nyumbani, anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, akaniambia:

"Baba Neema, ile motokari iko na sauti yake. Inaimba na sisi, na haiko mu kwaya."

Nikacheka. Nikamwambia ni springi. Wiki iliyofuata akarudia, nikamwambia ni vumbi. Mara ya tatu nikamuuliza mwenye gereji katika nyumba hii ni nani. Aliyatwanga yale majani kwa nguvu zaidi ya yalivyostahili.

Na hapa niwaambie jambo kuhusu madereva. Breki za gari kuukuu haziishi siku moja, zinaisha kidogo kidogo, na mguu wa dereva unazizoea. Yakobo alianza kukanyaga mara mbili ili zishike, kisha mara tatu. Zamani alikuwa anaanza kupunguza mwendo mbele ya kinu cha kusaga, sasa akawa anaanza mbele ya duka la simu, hatua mia moja kabla. Yeye aliamini kwamba umri umempa busara ya kuendesha taratibu. Aliwahi hata kujisifu kwa hilo katika kikao cha mashemasi. Mteja akikuambia siku hizi amekuwa dereva mtulivu, mwombe funguo.

Mambo yalifunuka Jumamosi moja pale Base Camp. Yakobo alikanyaga mara tatu, mara nne, na pikapu ikapitiliza polepole, sisi tukiendelea na kibwagizo, ikaingia kwenye kibanda cha chapati na kusimama imegusa meza. Mama mwenye kibanda aliinua karai lake, akaliweka pembeni, akamuuliza Yakobo anataka chapati ngapi. Tulicheka sote. Mama Neema peke yake hakucheka.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa harusi ya Neema, binti yetu, kule Oruchinga. Kwaya ilikuwa imeahidi kumwimbia, na gari lilikuwa hilo hilo moja. Njia ya kwenda kule ina mteremko mrefu, na chini yake kuna kona mnayoijua. Mama Neema alishuka pale kwenye chapati, akanivuta pembeni.

"Niko na mutoto mwanamuke moja tu," akasema. "Nataka aingie kanisani na nyimbo zetu. Na sitaki batu kumi na bane baangukie mu ule mutelemuko. Ni wewe fundi."

Hakuna sentensi iliyowahi kunikaa kooni kama ile ya mwisho. Jumatatu asubuhi nikamchukua Yakobo, tukazunguka na pikapu. Mimi kimya, madirisha wazi, masikio yote mawili kazini. Tulikanyaga na kuachia kama Kakiika. Breki zilishika vizuri, bila mlio wowote. Nikamwambia Yakobo kwamba breki ni nzima, dereva ndiye aliyeisha. Kwenye mazoezi ya kwaya aliniongoza akiwa amegeukia ukuta.

Jumatatu hiyo nilirudi nyumbani na majibu yangu. Mama Neema akanisikiliza, akauliza swali moja tu.

"Na sisi je? Ulitupakia?"

Nikaweka kikombe cha chai chini. Sikuwa nimempakia mtu yeyote. Pikapu ya namna ile, ikiwa tupu, breki za mbele ndizo zinazofanya kazi karibu yote, na za nyuma zinagusa tu. Ikibeba mzigo, ndipo za nyuma zinaposukumwa kufanya kazi kwelikweli. Mimi nilikuwa nimempima mgonjwa akiwa amepumzika, wakati yeye huugua akibeba. Fundi wa miaka thelathini alisahau, na mtwanga sombe akakumbuka.

Ikabidi tuipakie. Leo nisingefanya nilivyofanya, na ninyi msithubutu, jazeni mifuko ya mchanga. Lakini siku ile mchanga ulikuwa mbali na kwaya ilikuwa karibu, kila mtu akijua mahali pake pa kukaa. Tulikubaliana kwenda kwenye njia tambarare tu, mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, kutoka kanisani hadi Base Camp na kurudi. Sharti langu lilikuwa moja, hakuna kuimba. Hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Wanakwaya wakasema hawajawahi, wengine wakasema ni mkosi.

"Kwaya haipitaka kimya," Mama Neema akaniambia. "Batu batasema tunaleta maiti."

Nikamjibu kwamba ni nusu saa tu na hakuna atakayetutazama. Kisha, ili nisikie vizuri, nikalala chali kwenye sakafu ya pikapu, sikio likielekea gurudumu la nyuma kushoto, karibu na miguu yake. Ilikuwa kiangazi, vumbi linajaa mpaka kwenye meno. Mke wangu akanihurumia, akavua kitenge chake cha juu, akanifunika kutoka kichwani hadi vidoleni.

Sasa tazameni ninyi wenyewe kama mlikuwa kando ya njia. Pikapu ya kanisa inapita polepole. Kwaya nzima imekaa kimya, vichwa chini. Katikati yao kuna mtu amelala, amefunikwa kitenge, na mke wa fundi amekaa kando yake.

Mimi chini ya kitenge nilikuwa na furaha tupu. Nilikuwa nimeisikia. Kila Yakobo alipokanyaga, kulikuwa na mkwaruzo mzito wa chuma, nyuma kushoto, pale pale anapokaa Mama Neema. Nikasikia na aibu yangu pia, lakini furaha ya kuupata ugonjwa ilikuwa kubwa zaidi. Nikasikia sauti nyingine ya juu, inapanda na kushuka, ikitokea kando. Nikadhani ni beringi ya gurudumu la mbele. Tulipokaribia Base Camp beringi hiyo ikawa mbili, kisha nne, na moja ikataja jina langu. Bado nilikuwa najiuliza kwa nini beringi ya mbele iimbe hivyo.

Wanakwaya waliona yote, watu wa njiani wakinililia. Lakini niliwaapisha wasiseme neno, na wengine walikuwa wanabana kicheko mpaka mabega yanatikisika, jambo ambalo kwa mtu wa njiani ni kilio halisi. Vijana wa bodaboda wakatutangulia na habari za msiba. Yakobo alipoleta gari mpaka uani kwangu, mkeka ulikuwa umetandikwa, moto umewashwa, na majirani wamefika na maharage yao. Jirani yetu Leonsi, Mrundi, Mkatoliki safi kabisa, alikuwa amesimama na rozari mkononi akiongoza mazungumzo. Kabla sijafunuliwa nikamsikia akisema:

"Alikuwa fundi muzuri sana. Shida yake ilikuwa moja tu. Hakukuwa mutu wa kusikiliza."

Na watu wote wakaitikia. Wote, jamani. Nilidhani hata wa kunitetea atakuwepo, angalau mmoja niliyemtengenezea gari likaacha kulia. Nikatupa kitenge, nikaketi. Leonsi aliacha rozari pale pale, akakimbilia migombani, na ilichukua muda kumshawishi arudi. Shangazi mmoja wa Yakobo alikasirika kuliko wote. Alisema ametoka Misiera ya juu akilia njia nzima, zamu yake ameshaimaliza, na siku nitakayokufa kweli asisumbuliwe. Mpaka leo akiniona ananikumbusha.

Nilipowaeleza kwamba nilikuwa nasikiliza breki walinitazama kama mtu aliyetoka ahera na ujumbe wa ovyo. Wakakaa, wakala yale maharage, na mimi nikaingia kazini. Hii ndiyo sehemu mliyoitaka, basi sikilizeni. Weka mawe kwenye magurudumu yasiyofunguliwa. Legeza nati gari likiwa bado chini, ndipo upandishe jeki. Usiiamini jeki peke yake, weka gogo chini ya ekseli. Dramu ikigoma kutoka, ile sahani nzito inayofunika breki za nyuma, usiipige kwa hasira. Igonge kidogo kidogo kuizunguka, itachoka kabla yako.

Ndani nilikuta nilichostahili. Vile viatu vya breki, yale mapande mawili ya mviringo yanayojipanua kusugua dramu, vilikuwa vimeisha mpaka kwenye chuma, na ribiti zimechimba mfereji ndani ya dramu. Silinda ndogo inayovisukuma ilikuwa inavuja, mafuta yamelowanisha kila kitu. Nikafungua na upande wa kulia. Huko vilikuwa vimebaki vyembamba, lakini nilijua nitabadili vyote. Ukibadilisha upande mmoja gari litakuvutia huko kama mbuzi aliyeona muhogo. Vumbi la ndani usilipulize. Zamani tulipuliza kwa mdomo, na wengi wa wakati wangu wanakohoa mpaka leo. Osha kwa maji ya sabuni. Ndiyo, hapo sabuni inaruhusiwa.

Kosa lililofuata lilikuwa la Yakobo. Alitaka kupatana nami, akaingia kwenye gari kunisaidia, akakanyaga pedali wakati dramu ziko nje. Hakuna kitu cha kuizuia silinda, vipistoni viliruka, na mafuta yakanijaa usoni na kwenye shati. Tulipatana hapo, kwa sababu sasa kila mmoja alikuwa na la kusamehewa.

Nilikuwa bado chini ya gari, nafuta macho, niliposikia gari likisimama uani. Breki zake zilikuwa nzuri sana, hazikutoa hata pumzi. Kisha mtu akanipiga teke dogo kwenye soli ya kiatu.

"Mimi nasikia wewe nakufa," Afande Kamugisha akasema. "Natoka Mbarara na huzuni. Sasa nakuta miguu."

Majirani walikuwa wamempigia simu. Alikuwa ameacha gereji yake, amevaa koti la mazishi, amekuja. Nikatoka nikiwa na mafuta usoni, na machozi pia, nasema wazi, kwa sababu nilimwona macho yake mekundu. Nikamweleza yote, miezi mitano ya besi, mke wangu, pikapu tupu. Hakunicheka. Alitembea hadi kwa Mama Neema, akavua kofia, akamwambia kwamba angemjua mapema angemwajiri yeye.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa Mbarara naye. Dramu tulizipeleka kwa mtu wa mashine, akazichonga ndani mpaka mfereji ukapotea, akapima na kusema bado zina unene wa kutosha. Vipuri vilitutembeza. Duka la kwanza walituletea boksi linalong'aa, Afande akatoa kiatu cha breki, akakikwaruza kwa ufunguo na kukinusa. Kikibanduka kirahisi kama udongo mkavu, na harufu ikawa ya nyasi, rudisha kwenye boksi, hata muuzaji akikuapia. Duka la tatu ndipo tulipopata vya kweli, vigumu, vyenye uzito, katika boksi lisilo na picha yoyote. Tukanunua na silinda, na mafuta ya breki katika chupa ambayo bado imefungwa, kwa sababu iliyofunguliwa zamani imeshakunywa unyevu wa hewani.

Kutoa upepo kwenye mabomba ni kazi ya watu wawili wanaosikilizana. Mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine chini anafungua nati ndogo, upepo unatoka na mafuta, anafunga, ndipo wa juu anaachia. Akiachia mapema, upepo unarudi na kazi inaanza upya. Yakobo alikuwa anaachia mapema kila mara. Tulimbembeleza, tukamkemea, hakuna kitu. Mwishowe Mama Neema akaanza wimbo wa polepole pale uani, na Yakobo akakanyaga kwa mapigo yake, akishikilia mpaka mwisho wa mstari. Tulimaliza magurudumu yote kwa beti nne. Afande, ambaye hakuwahi kuimba kitu, nilimwona akitikisa kichwa.

Safari hii tulijaribu kwa mifuko ya mchanga.

Jumamosi kwaya ilipanda, tukaimba tangu uwanja wa kanisa. Tulipofika juu ya mteremko wa Oruchinga, bila mtu kusema neno, wimbo ulikatika. Nyuso zote zikanigeukia, kisha zikamgeukia Mama Neema. Yakobo akakanyaga mara moja tu. Pikapu ikatulia, ikashuka kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake, na tulichosikia ni changarawe chini ya matairi. Tulipomaliza kona, mke wangu akaanzisha wimbo, na mimi nikaiacha besi mstari wa kwanza, nimsikilize yeye. Neema alitusikia tukija kutoka mbali.

Tangu siku hiyo kwaya yetu ina desturi mpya. Kabla ya mteremko wowote inanyamaza kidogo, na watu wa njiani wamezoea, hawalii tena. Nilipostaafu, wakaongeza nyingine. Kila Jumapili wakipita mbele ya nyumba yangu wananyamaza, Yakobo anakanyaga breki, mimi niko kwenye kiti changu mlangoni nasikiliza. Nikiinua mkono wanaanza kuimba na kwenda zao. Miaka miwili nimeinua mkono, na nimejiona mtu mkubwa kwa hilo.

Sasa nifike kwenye ombi langu. Jumapili iliyopita walipita, Yakobo akakanyaga, nikasikiliza, nikainua mkono. Kwaya haikuanza. Nikainua tena, juu zaidi, nikidhani hawakuniona. Mama Neema alikuwa amekaa pale pale kushoto, juu ya gurudumu, mdomo umefungwa, ananitazama. Kisha akashuka taratibu, akavuka barabara, akainama kwenye sikio langu ili wengine wasisikie.

"Nyuma, kushoto," akasema. "Niko naisikia tangu kanisani."

Mimi sikuwa nimesikia kitu. Mmoja wenu ndiye aliyekuja kufungua gurudumu lile, na mliona wenyewe viatu vilivyobaki unene wa ukucha. Hamkujua kwamba nilikuwa nimeshainua mkono mara mbili, na watu kumi na wanne juu. Ninawaambia sasa, na nilikaa na hofu hiyo wiki nzima.

Kwa hiyo acheni kuja kwangu. Mlangoni hapa mtapata hadithi na chai. Masikio yenyewe yapo juu ya pikapu, nyuma kabisa, kushoto, na tangu mwanzo yalikuwa hapo. Nimeshazungumza na Mama Neema, amekubali kumfundisha mmoja wenu kila Jumapili, akae karibu naye juu ya bati. Ana sharti moja tu, mazoezi ya kwaya ni Jumatano saa kumi, na anayechelewa hapandi.